Majina Matatu ya Vita: Kufundisha Majimaji Mbali na Makumbusho

Miongoni mwa mada za Historia zinazofundishwa katika shule zetu za msingi, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 ni mojawapo ya zile ambazo mwalimu huziingia akiwa na uhakika uliopita kiasi. Anajua vilianzia wapi, anajua nani alitoa maji, anajua nani alishindwa. Huandika ubaoni sababu tano za vita, kisha sababu tano za kushindwa, kisha matokeo matano. Wanafunzi hunakili. Kengele hulia. Mada imekwisha, na hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Makala haya yanakusudia kuwasihi walimu watarajiwa, hasa wale watakaopangiwa kazi katika nyanda zetu hizi za juu, kuanzia Makambako na Njombe hadi Bulongwa, wasiiache mada hii ipite hivyo. Sababu ni moja. Vita hivi vilipita katika nchi hii. Watoto watakaoketi mbele yenu ni wajukuu wa vitukuu wa watu waliokuwapo: waliopigana upande mmoja, waliopigana upande wa pili, waliobebeshwa mizigo, na waliokufa njaa bila kushika mkuki. Mwalimu anayewafundisha watoto hao kana kwamba vita vilitokea katika nchi ya mbali, anawanyima urithi ambao ni haki yao.

Makumbusho ya Songea na kauli yake

Tunayo makumbusho ya vita hivi. Yapo Songea, katika eneo la Mahenge, na yalifunguliwa mwaka 1980. Baadaye yakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Humo mna sanamu za viongozi wa Kingoni, silaha za jadi, picha na maelezo. Lipo kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, ambao idadi yao ilizidi 60, na lipo kaburi la peke yake la Songea Mbano, kiongozi ambaye mji umepewa jina lake. Miongoni mwa walionyongwa anatajwa mwanamke mmoja, Mkomanile. Kila mwaka, mwezi Februari, watu hukusanyika mahali hapo kuwakumbuka.

Mwalimu akipata nafasi ya kufika huko, na afike. Hakuna maneno ya kitabu yanayoweza kushika nafasi ya kusimama mbele ya kaburi lile. Lakini kutoka Bulongwa hadi Songea ni safari ya zaidi ya kilometa 300, kupitia Makete na Njombe, na shule nyingi za msingi hazina fedha za kuwasafirisha hata wanafunzi wa darasa moja. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hapana budi mwalimu ajiulize: makumbusho haya ambayo wanafunzi wangu hawatayaona, yananifundisha nini mimi kuhusu namna ya kufundisha?

Jambo la kwanza ni kwamba makumbusho husema. Vitu vilivyomo havikujipanga vyenyewe. Yupo mtu aliyechagua sanamu ya nani isimame na ya nani isisimame. Mkuki gani uwekwe, na maneno gani yaandikwe chini yake. Makumbusho ya Songea yalifunguliwa wakati Tanzania Bara ilikuwa haijatimiza hata miaka 20 ya uhuru. Taifa lilihitaji kujiambia, na kuwaambia watoto wake, kwamba watu wa nchi hii hawakuupokea ukoloni kwa mikono miwili. Kauli hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Mwalimu Nyerere alipozungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alivitaja vita vya Majimaji kuwa ushahidi kwamba wananchi hawakuikubali haki ya mgeni ya kuwatawala.

Kauli hiyo ni ya kweli, na ilikuwa ya lazima. Watawala wa kikoloni walikuwa wamekwisha kuandika yao. Gavana wa Wajerumani wa wakati huo, Graf von Götzen, alitoa kitabu mwaka 1909 ambacho katika jina lake vita hivi ni maasi. Neno hilo linamfanya anayepigania nchi yake kuwa mhalifu, na aliyeingia kwa bunduki kuwa mwenye nyumba. Makumbusho ya Songea yaliligeuza neno hilo. Waliokuwa waasi wakawa mashujaa, na kilichokuwa maasi kikawa vita.

Lakini kauli ya kweli yaweza kuwa pungufu. Mtoto wa Kikinga au wa Kibena, akionyeshwa picha za sanamu zile, atauliza kwa haki kabisa: na kwetu je? Mwalimu asiyekuwa na jibu la swali hilo hulinyamazisha. Mwalimu mwenye busara huanza somo lake hapo.

Jina la tatu

Tumekwisha kuyaona majina mawili: maasi, jina la gavana, na Vita vya Majimaji, jina la taifa. Lipo jina la tatu, nalo limetoka hapa kwetu.

Kusini-mashariki ya mji wa Njombe kipo kijiji cha Yakobi. Mwanzoni mwa karne iliyopita palikuwa na kituo cha Misheni ya Berlin, shirika lile lile la Kilutheri lililoanzisha misheni ya Bulongwa. Msimamizi wa kituo hicho alikuwa Paul Gröschel. Mwezi Septemba 1905 wapiganaji waliomfuata mtawala wa Kibena, Mbeyela, walikishambulia kituo. Ndani yake alikuwamo mmisionari, pamoja na Waafrika waliojihifadhi humo. Kituo hakikutekwa. Baadaye majeshi ya Wajerumani yakaja, na nchi ikaadhibiwa.

Mwanahistoria James Giblin, ambaye alifanya utafiti wa miaka mingi katika Njombe, ameandika kwamba masimulizi ya watu wa Yakobi huviita vita hivi kwa jina lao wenyewe: vita vya Korosani. Korosani ni Gröschel, jina lake likiwa limepita katika ndimi za wenyeji.

Ndugu walimu watarajiwa, litafakarini jina hilo. Gavana alitazama kutoka Dar es Salaam, akaona maasi katika koloni lake. Taifa lilitazama nyuma kutoka katika uhuru, likaona watu wengi wakiunganishwa na maji ya dawa dhidi ya adui mmoja. Watu wa Yakobi walitazama kutoka nyumbani kwao, wakakumbuka mtu waliyemjua kwa sura, ukuta wa jirani, na siku ambayo ndugu wengine walikuwa nje ya ukuta na wengine ndani. Jina linatuambia msemaji alikuwa amesimama wapi. Mwanafunzi akilielewa jambo hilo moja, amejifunza Historia kuliko yule aliyekariri tarehe 20.

Tena, kuhusu Yakobi tuna utajiri ambao si kila mahali unapatikana. Barua za Gröschel za miaka 1898 hadi 1908 zilichapishwa Berlin mwaka 1911. Kwa hiyo tukio moja lina shahidi wa maandishi na lina mashahidi wa mdomo. Mwandishi wa barua alikuwa ndani ya ukuta akitazama nje, naye aliwaandikia wasomaji Wajerumani ambao misaada yao iliiendesha misheni. Msimuliaji wa kijijini alipokea habari kutoka kwa babu au bibi, ambaye huenda alikuwa nje, au ndani, au msituni na watoto. Kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake halijui, na kila mmoja ana sababu ya kunyamazia jambo fulani. Kazi ya mwanafunzi ni kuwasikiliza wote wawili.

Hapa ndipo penye jambo linalowatia walimu wengi hofu. Tukifundisha habari za Yakobi kwa ukweli wake, hatuwezi tena kusema kwamba Waafrika wote walikuwa upande mmoja. Watawala wa Usangu walikuwa washirika wa Wajerumani. Wapiganaji wa Kihehe walitumika pamoja na majeshi yao. Katika hesabu ya waliokufa upande wa serikali ya kikoloni, Wazungu walikuwa 15, na Waafrika, askari na wasaidizi wao, walikuwa 389. Je, hao 389 tutawaita nani mbele ya watoto? Wasaliti? Baadhi yao walikuwa askari wa mshahara. Wengine walifuata amri ya mtawala wao, aliyekuwa na ugomvi wa zamani na jirani yake kabla Mjerumani hajaingia. Wengine waliona kwamba nguvu ya mgeni ni kubwa, wakachagua kuokoa nyumba zao. Mwalimu hana wajibu wa kuwatakasa, wala hana haki ya kuwahukumu kwa neno moja. Wajibu wake ni kuwasaidia wanafunzi waelewe jinsi mtawala mgeni anavyopata nguvu kutokana na mafarakano ya wenyeji. Fundisho hilo la umoja lina uzito kuliko lile linalodai kwamba umoja ulikuwapo tayari.

Maji yasigeuzwe kichekesho

Katika kila darasa, mwalimu akifika mahali pa kueleza kwamba wapiganaji waliamini risasi zingegeuka maji, wanafunzi hucheka. Kicheko hicho ni mtihani wa mwalimu. Akicheka nao, amewafundisha kwamba babu zao walikuwa wajinga. Akikasirika na kuwanyamazisha, amewafundisha kwamba liko jambo la aibu lisiloulizwa. Yampasa afanye jambo la tatu: aeleze.

Na aanze na hali ya wakati ule. Katika wilaya za pwani na kusini, tangu mwaka 1902, watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba kwa faida ya wengine. Mnamo Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na hiyo ikawa ishara ya vita. Huko Ngarambe, Kinjeketile Ngwale alikuwa akitoa maji ya dawa, na mahujaji walimfuata kutoka makabila mbalimbali. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yamekwisha kutoka mikononi mwake. Wajumbe waliyapeleka mbali, hadi Ungoni na hadi nchi ya Njombe.

Hapa mwalimu wa nyanda za juu na awe mwangalifu. Katika milima yetu hii yenye baridi hapakuwa na mashamba ya pamba ya lazima. Orodha ya sababu inayoandikwa ubaoni, ikianza na pamba, haielezi kwa nini mtu wa Njombe alishika mkuki. Kwetu palikuwa na kodi, iliyoanza kutozwa katika koloni mwaka 1898, na palikuwa na kazi za kulazimishwa, ubabe wa askari na watumishi wa serikali, na mashindano ya watawala juu ya watu na ng'ombe. Mwalimu asiyetenganisha hali ya pwani na hali ya milimani anawafanya wanafunzi wakariri sababu za watu wengine.

Kisha aulize: mtu wa Njombe mwaka 1905 alijua nini kuhusu bunduki za Wajerumani? Alijua mengi. Jirani zake, Wahehe, walikuwa wamepigana nao kwa miaka mingi; ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, na Mkwawa alikufa mwaka 1898. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba watu walikwenda vitani kwa kuwa hawakujua nguvu ya risasi. Walijua kwamba mtawala mmoja, hata awe na ngome ya mawe, hushindwa akiwa peke yake. Maji yaliwapa watu wasiokuwa na mfalme mmoja, lugha moja wala mila moja, kiapo kimoja na ujasiri wa pamoja. Dawa haikuzuia risasi; iliwakutanisha watu waliokuwa hawajawahi kukutana. Mwanafunzi akifika hapo, kicheko humtoka chenyewe, na badala yake huja swali: ni kitu gani kinachoweza kuwaunganisha watu wengi namna hiyo leo?

Adui aliyeua wengi

Makumbusho mengi ya vita huonyesha silaha. Mkuki, ngao na bunduki huvutia macho, na ni rahisi kuvitundika ukutani. Lakini katika Vita vya Majimaji silaha iliyoua watu wengi zaidi haiwezi kutundikwa ukutani, maana ilikuwa njaa.

Wajerumani walipoona kwamba wapiganaji wamekwepa mapambano ya uwanjani, waliamua kuharibu chakula. Nyumba zilichomwa, vihenge vilitiwa moto, mifugo ilichukuliwa, na mashamba yalifyekwa. Watu waliokimbilia misituni hawakuweza kupanda. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Hata tukichukua hesabu ndogo, kwa kila Mzungu mmoja aliyekufa vitani walikufa Waafrika 5,000, na walio wengi hawakufa kwa risasi.

Mtoto wa Bulongwa hahitaji makumbusho ili alielewe jambo hili. Yeye ni mtoto wa mkulima. Anajua viazi huchimbwa lini na ngano huvunwa lini. Anajua kwamba katika baridi ya mwezi Juni na Julai hakuna mbegu inayofanyiwa mzaha. Mwulize: ghala la nyumbani kwenu likichomwa leo, mtakula nini wiki ijayo? Mtapanda nini mvua zikianza? Nani atakufa kwanza katika nyumba? Darasa litanyamaza. Katika ukimya huo wanafunzi watajua kwamba vita havikuwa vya wanaume wenye mikuki peke yao. Bibi aliyeficha mbegu ndani ya mtungi, na mama aliyemtafutia mtoto mizizi porini, nao walikuwamo, ingawa sanamu zao hazikuchongwa.

Makumbusho ya darasani

Baada ya kusema haya yote, mwalimu mtarajiwa atauliza: nifanye nini Jumatatu asubuhi? Napendekeza mpango wa vipindi vinne, unaoweza kutekelezwa katika Darasa la V au la VI bila fedha. Unafaa katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililomo katika mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023.

Kipindi cha kwanza ni cha majina. Mwalimu aandike ubaoni majina matatu: Maasi, Vita vya Majimaji, Vita vya Korosani. Asieleze kitu. Awaulize wanafunzi, katika vikundi, kila jina lingeweza kutolewa na nani, na kwa nini. Baada ya majibu yao ndipo asimulie habari za Yakobi na za Songea.

Kipindi cha pili ni cha maandalizi ya kuwauliza wazee. Mzee mwenye miaka 80 leo alizaliwa karibu na mwisho wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Yeye hakuviona Vita vya Majimaji, lakini aliketi motoni na bibi waliozaliwa kabla ya vita hivyo. Wanafunzi na wafundishwe adabu ya kuuliza: kumwamkia mzee, kueleza wametumwa na nani, kusikiliza bila kukatiza, na kutoandika jambo ambalo mzee ameomba lisiandikwe. Wafundishwe pia aina ya maswali. Swali kama "Je, wazee wetu walipigana kwa ushujaa?" limekwisha kujijibu. Swali zuri huacha mlango wazi: "Ulisikia nini kuhusu mwaka wa njaa kubwa? Watu wa kwetu walikimbilia wapi? Habari ya vita ilifikaje hapa?" Tena mwanafunzi asitumie neno Majimaji mwanzoni, kwa kuwa mzee huenda anavijua vita hivyo kwa jina jingine, na jina hilo ndilo tunalolitafuta.

Ni vyema kukumbuka kwamba njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda katika wilaya mbalimbali kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Majimaji, na sehemu kubwa ya tunayoyajua leo ilitokana na kazi hiyo. Waliokusanya walikuwa vijana wenye daftari na kalamu. Mwanafunzi wa shule ya msingi naye ana daftari na kalamu.

Kipindi cha tatu ni cha vitu. Kila kikundi kilete kitu kimoja cha zamani kutoka nyumbani, kwa ruhusa ya wazazi: jembe, mundu, mtungi, kinu, kibuyu. Hapana haja ya kutafuta mikuki. Rafu ya mianzi, ambayo katika Makete ni rahisi kupatikana, iwekwe kwenye kona ya darasa. Kisicholetwa kichorwe, mchoro wa kihenge kitupu utasema mengi.

Kipindi cha nne ni cha maelezo, nacho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote. Kila kikundi kiandike karatasi ndogo, isiyozidi maneno 30, ya kuweka chini ya kitu chake. Iseme kitu ni nini, kilitumiwa na nani, na habari hizo tumezipata wapi. Kisha vikundi vibadilishane na kuulizana: umejuaje? Nani hakutajwa? Mtu wa upande wa pili angeandikaje? Mwanafunzi aliyeandika karatasi ile na kuulizwa maswali yale, siku akifika Songea, au Dar es Salaam, au kwingineko, hatasimama mbele ya kabati la kioo kama mtu aliyetekwa. Atasoma maelezo, kisha atauliza.

Mashaka ya mwalimu

Najua mashaka yatakayotolewa. La kwanza ni muda: mtihani unakaribia, nao utauliza tarehe na sababu. Jibu langu ni kwamba mwanafunzi aliyetenganisha sababu za pwani na za milimani kwa akili yake mwenyewe hazisahau, bali aliyenakili husahau. Vipindi vinne si vingi kwa vita vilivyoua watu kwa maelfu mengi.

Shaka la pili ni zito zaidi. Je, hatutachokoza uhasama wa zamani? Tukijua babu wa nani alikuwa ndani ya ukuta na wa nani alikuwa nje, watoto hawatatukanana? Hatari hiyo ipo, na mwalimu asiidharau. Asiruhusu hata siku moja mtoto abebeshwe tendo la babu yake. Asiruhusu kabila litajwe kama kwamba lote lilikuwa na moyo mmoja, maana ndani ya kila kabila palikuwa na waliopigana, waliojiunga na serikali, na waliokimbia. Lakini ukimya nao hauponyi. Habari zisizosemwa darasani husemwa kilabuni na njiani, zikiwa zimetiwa chumvi, bila mwalimu wa kuuliza "umejuaje?" Ni heri watoto wazisikie mahali penye utaratibu.

Deni ambalo halijalipwa

Mwisho, mwalimu asiwaache wanafunzi wadhani kwamba mambo haya yamekwisha. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho ya Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliyatenda. Inaaminika kwamba kichwa cha Songea Mbano kilipelekwa Ujerumani baada ya kunyongwa, na rais huyo aliahidi kwamba nchi yake itajitahidi kukitafuta. Vitu vilivyotekwa katika vita hivyo vimehifadhiwa hadi leo katika Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin.

Wanafunzi wenu wa leo ndio watakaokuwa watu wazima wakati maswali hayo yakiamuliwa: kipi kirudishwe, kirudishwe wapi, kiwekwe chini ya maelezo gani, na maelezo hayo yaandikwe na nani. Wakiwa wamefundishwa kunakili, wataletewa maelezo yaliyoandikwa na wengine, nao watayanakili. Wakiwa wamefundishwa kuuliza, watadai nafasi mezani, na watakuwa na la kusema kuhusu Songea, kuhusu Yakobi, na kuhusu bibi aliyeficha mbegu ndani ya mtungi.

Kazi hiyo haitaanzia Berlin wala Dar es Salaam. Itaanza katika darasa lenye baridi, pengine la Bulongwa, siku mwalimu kijana atakapoandika majina matatu ubaoni, akaweka chaki chini, na kungoja mkono wa kwanza uinuliwe.